Tupeni meza, bomba la maji na muhuri: barua ya wazi ya mfugaji wa sungura

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi, Mawaziri wa Kaunti wanaosimamia kilimo, afya na biashara, pamoja na Waheshimiwa Wawakilishi Wadi.

Waheshimiwa,

Leo nina sungura 38 ambao wangepaswa kuwa wameshauzwa. Yule mkubwa wao alitimiza miezi minne wiki saba zilizopita. Wako nyuma ya nyumba yangu hapa Waithaka, kwenye vizimba vya mbao na seng'enge nilivyotengenezewa na fundi wa mtaani, na kila alfajiri kabla sijaenda kuuza mboga sokoni Kawangware nawapa chakula ambacho najua hakitanirudishia hata shilingi.

Siandiki kuomba pesa. Siombi sungura wa mbegu wala semina nyingine. Semina nimehudhuria za kutosha, na vyeti ninavyo. Kufuga najua. Ninachokosa ni njia halali ya kuitoa nyama kwenye kizimba changu mpaka ifike kwenye sufuria ya mkazi wa jiji hili, na njia hiyo iko mikononi mwenu.

Niruhusuni nianze na hesabu, maana mfanyabiashara asiye na daftari huonekana analalamika tu. Nina majike 11 na madume 2. Sungura hubeba mimba siku 31. Kwangu kila uzao hunibakishia vitoto 6 wanaofika umri wa kuuzwa, na kila jike nilikuwa nampandisha mara 5 kwa mwaka. Hao ni sungura 330 kwa mwaka, kama 27 kwa mwezi. Hata mmoja kwa siku hawafiki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi. Mimi natafuta wa kula sungura mmoja kwa siku, na huu ni mwaka wa tatu natafuta.

Sungura hangoji. Mbuzi akikosa mnunuzi Pasaka utamuuza Krismasi, na pengine atakuwa ameongeza kilo. Sungura wa aina ya New Zealand White akifika miezi minne huwa na kilo 3 hivi, na baada ya hapo anakula kama kawaida ila uzito unapanda polepole sana. Gunia la kilo 50 la peleti, chakula cha vidonge cha dukani, nanunua shilingi 2,800. Nikimpa kila mmoja gramu 100 kwa siku, hao 38 wananila shilingi 213 kila siku ya Mungu, zaidi ya 6,300 kwa mwezi, na hiyo ni baada ya kujazia kwa majani ya nje ya sukuma wiki na ya karoti ninayobeba kutoka sokoni. Majani hayo nayo yana kazi yake. Lazima niyatandaze juu ya gunia usiku mzima yanyauke kwanza, kwa sababu majani yenye maji humvimbisha sungura tumbo, na aliyevimba jioni mara nyingi asubuhi humkuti hai.

Halafu madume wakishakomaa hupigana. Wiki iliyopita niliamshwa usiku na kishindo nyuma ya nyumba. Nikatoka na tochi ya simu. Nilikuta dume mmoja amejibanza pembeni, sikio limechanika kutoka nchani hadi katikati, damu imetapakaa kwenye seng'enge mpaka kwenye bakuli la maji. Sikio la sungura ni jembamba kama karatasi lakini limejaa mishipa. Nililishika kwa kitambaa nusu saa nzima, nimechuchumaa kwenye baridi, mpaka damu ikakata. Asubuhi nilimhamishia kwenye kizimba nilichokuwa nimemwekea jike anayekaribia kuzaa. Ndivyo mambo yanavyokwenda pasipo na mnunuzi: anayengoja kuuzwa anachukua nafasi ya atakayezaliwa.

Najua kuna wanaowaambia kwamba shida ni Wakenya hawali sungura. Waheshimiwa, naomba mnisikilize hapa kwa makini, kwa sababu nadhani hili limeeleweka vibaya tangu mwanzo.

Sisi wengi tuliingia katika ufugaji huu kwa ahadi. Miaka mitatu iliyopita mtu mmoja alikuja kwenye chama chetu cha akina mama na picha za mashamba mazuri. Aliniuzia majike 5 na dume 1, kila mmoja shilingi 3,500. Hizo ni shilingi 21,000, na nilizitoa kwenye karo ya mwanangu nikijua zitarudi. Ahadi ilikuwa kwamba vitoto vyote atanunua yeye, kwa kilo, wakiwa hai. Mara ya kwanza alikuja kweli, na mizani yake, akachukua 14. Mara ya pili akachukua 9. Mara ya tatu simu ikawa "mteja hapatikani", na mpaka leo hapatikani.

Iliniuma, lakini lililoniuma zaidi nililijua baadaye, nilipokutana na mama mwingine wa upande wa Ruai kwenye semina. Tulipolinganisha tarehe na alama za masikioni, tukagundua kwamba baadhi ya wale 14 wangu aliuziwa yeye, kama mbegu, kwa bei ileile niliyonunulia mimi. Hakuna aliyekuwa amewala. Sungura walikuwa wakitoka kwa mfugaji kwenda kwa mfugaji, na kila mfugaji mpya ndiye aliyekuwa soko la yule aliyemtangulia. Wafugaji wapya walipokwisha, soko likaisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo mtu anaposema soko la sungura lilianguka, mimi nasema soko la nyama bado halijafunguliwa. Tulikuwa tunauziana mbegu.

Walaji wapo. Kila Jumamosi nauza wawili au watatu kwa majirani, shilingi 800 mmoja. Mwaka jana familia moja ya hapa Waithaka ilichukua 10 kwa mpigo kwa ajili ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, na wageni waliomaliza sahani zao walikuwa wakiuliza ni nyama gani hii laini. Majirani zangu Waislamu humchukua akiwa hai wakamchinje wenyewe. Wasabato wana imani yao na siwasumbui. Kuna wazee wanaoona ni mnyama wa wavulana, kwa sababu wao wenyewe walifuga sungura walipokuwa wadogo na hawakuwahi kuona mtu mzima akiwachukulia kama mali. Na kuna wanaoogopa kuuziwa paka. Huyo wa mwisho simlaumu kabisa. Ndiyo maana nikimchinjia mtu mbele yake huwa naacha mguu mmoja wa nyuma na manyoya yake, mnunuzi aone kwa macho yake mwenyewe anachobeba. Lakini mguu wenye manyoya si ushahidi wa kuweka kwenye bucha. Ushahidi wa bucha ni muhuri wa mkaguzi wa nyama.

Nitawaeleza yaliyonipata kwenye bucha. Mwenye bucha mmoja hapa Kawangware tunafahamiana, mboga za nyumbani kwake hununua kwangu. Nilimpelekea nyama ya sungura mmoja, kilo moja na nusu, imeoshwa, imefungwa vizuri. Akaifungua, akaigeuza, akainusa. Akaniambia, "Mama, nyama yako ni safi, naiona. Lakini haina muhuri. Askari wa kanjo wakiingia hapa watafunga duka langu, si lako." Nikamuuliza, je, ikiwa na muhuri? Akasema angeanza na watano kwa wiki na kuona wateja wanasemaje. Alinirudishia nyama yangu kwa mikono miwili, kwa heshima. Hakuwa amekosea. Nyama ya kuuzwa lazima ikaguliwe, hiyo ni sheria, na ni sheria nzuri.

Basi nikaenda kutafuta huo muhuri. Kila alfajiri nasikia malori ya ng'ombe yakipita kuelekea machinjio ya Dagoretti, kwa hiyo nilidhani jambo hili ni jepesi. Kwenye machinjio moja waliniambia wao ni wa ng'ombe na hawawezi kuchanganya. Kwingine nikaambiwa wao ni mbuzi na kondoo tu. Wanaochinja kuku wakasema leseni yao inasema kuku. Mwishowe nikafika ofisi moja, nikakaa kwenye benchi kuanzia saa tatu hadi saa saba, na kijana mpole akanipa orodha ya masharti ya kufungua machinjio: ua, zizi la kulaza mifugo, shimo la maji taka, chumba cha ngozi. Ni masharti ya ng'ombe hayo. Mnyama wangu anaingia kwenye kikapu cha bodaboda.

Huyo kijana hakuwa na kosa, alinipa karatasi aliyokuwa nayo. Lakini nilipotoka pale nilielewa kitu. Pande zote mbili za biashara hii zipo. Mfugaji yupo, mwenye bucha yupo, na katikati yao pana pengo la mita chache ambalo mtu binafsi wa kipato changu hawezi kulijenga peke yake.

Na pengo hilo ndilo linalotutupa kwa madalali. Dalali anajua huna muhuri, anajua vizimba vimejaa, na anajua peleti zinaisha. Anakuja Jumapili jioni na kusema shilingi 400 kwa kichwa. Kutoka kuachishwa kunyonya mpaka miezi minne, kila sungura wangu amekula peleti za karibu shilingi 450, bila kuhesabu chakula cha mama yake, dawa na jasho langu. Mwezi wa tatu niliwauza sita kwa bei hiyo. Sikulala vizuri usiku ule.

Mwaka huu mpishi wa hoteli moja alisikia habari zangu akanipigia. Alitaka sungura 20 kila Ijumaa, kila mmoja awe na nyama ya kilo 1.2 hadi 1.5, waliopoozwa, waliofungwa mmojammoja, waliokaguliwa, malipo baada ya siku 30. Mimi peke yangu siwezi 20 kwa wiki. Lakini tuko wafugaji tisa kati ya Waithaka, Mutuini na Riruta tunaofahamiana, na tulikaa tukapiga hesabu: kwa pamoja tunaweza, tena kwa kupokezana, hakuna wa kuelemewa. Hata hizo siku 30 tulikubaliana chama kitubebe. Uzito tungeweza, kwa kuchagua wa umri mmoja. Tulikwama kwenye neno moja tu, waliokaguliwa. Mpishi alingoja wiki tatu, kisha akaniandikia ujumbe wa shukrani na pole. Ujumbe huo bado ninao kwenye simu.

Sasa niseme tunachoomba.

Tunaomba mahali padogo pa kuchinjia wanyama wadogo, angalau pawili katika kaunti hii, pembezoni mwa masoko ambayo tayari yana maji, mifereji na ulinzi. Meza ya chuma kisichopata kutu, kulabu ukutani, bomba la maji, sakafu yenye mteremko, pipa la taka lenye kifuniko na friza moja. Si jengo la kukata utepe. Ni chumba. Mkaguzi wa nyama afike siku mbili kwa wiki, saa zinazojulikana, nasi tuje siku hizo tu. Tutalipa ada kwa kila kichwa, kama anavyolipa mwenye mbuzi. Kikundi chetu kilishakubaliana kwamba hata shilingi 50 kwa kichwa tungelipa bila kunung'unika, maana dalali anatunyang'anya nyingi zaidi ya hizo.

Hatukimbii ukaguzi, Waheshimiwa. Tunautafuta. Sungura ana ugonjwa wa koksidiosi ambao hushika ini, na ini lililoshikwa huonyesha madoa meupe ambayo mkaguzi huyaona mara tu anapolifunua. Mimi nataka mtu mwenye ujuzi alitazame ini hilo kabla mtoto wa mtu hajala. Na nataka aniambie, ili nirudi nyumbani nikasafishe vizimba na kuwatibu waliobaki. Leo hii sungura wanaochinjwa nyuma ya nyumba hawatazamwi na mtu yeyote. Wako tayari jijini, wanaliwa, na hakuna anayewakagua. Kwa hiyo jambo hili ni la afya ya watu kabla hata halijawa la biashara yangu.

Pili, hospitali za kaunti hununua nyama. Mama Lucy Kibaki, Mbagathi na Pumwani zina wagonjwa wanaohitaji protini yenye mafuta machache, na nyama ya sungura ni nyeupe na haina mafuta mengi. Siombi mgonjwa alishwe sungura kila siku. Naomba tu jina la nyama hii liandikwe kwenye orodha ya zabuni, hata kwa kiasi kidogo cha majaribio. Serikali ilishatenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Chama chetu ni cha wanawake, kimesajiliwa. Nafasi tunayo kwenye karatasi, ila bidhaa yetu haimo kwenye orodha, na huwezi kuomba zabuni ya kitu ambacho hakijatajwa.

Tatu, na hili halihitaji bajeti: yeyote anayewauzia watu mbegu ya sungura kwa ahadi ya kununua vitoto aandikishwe, na mkataba wake uachwe nakala kwenye ofisi ya kilimo ya wadi. Mwenye nia njema hatakataa. Ninazungumza kwa niaba ya wale ambao vizimba vyao sasa ni mahali pa kuwekea kuni.

Sheria si kikwazo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka ufugaji, machinjio ya kaunti na masoko chini ya serikali za kaunti. Nairobi yenyewe ilitunga sheria mwaka 2015 ya kuendeleza na kudhibiti kilimo cha mjini, kwa hiyo kufuga kwangu nyuma ya nyumba si jambo la kujificha tena. Serikali kuu nayo ilifanya sehemu yake. Kule Ngong kuna kituo chake cha kuzalisha sungura wa mbegu bora, na wafugaji wengi wa pande hizi walianzia huko. Tumefundishwa kuzalisha, tumeruhusiwa kufuga. Kilichosahauliwa ni kile kipande cha mwisho.

Kuna watakaowashauri kwamba sungura ni wachache mno, haifai kuajiri mkaguzi kwa ajili yao. Ni wachache kwa sababu tumejifunza kuwapunguza. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Na mkaguzi si lazima awe mpya. Huyo anayekagua kuku asubuhi anaweza kutukagulia sisi saa tano. Wengine watasema tuuze mkojo na samadi. Tunauza. Kuna mkulima wa Kikuyu anayechukua galoni mbili za mkojo kila mwezi kwa ajili ya kunyunyizia mboga zake. Zinasaidia kununua dawa, lakini hakuna aliyelipa karo kwa mkojo.

Mkitaka kuona kwa macho, karibuni Waithaka. Afisa wa nyanjani wa eneo hili anatujua. Njooni asubuhi na mapema, kabla sijaondoka kwenda sokoni, niwaonyeshe daftari, vizimba, na yule dume mwenye sikio lililochanika, ambalo sasa linapona.

Tangu mwezi uliopita sijapandisha jike hata mmoja. Jike ndiye hupelekwa kwenye kizimba cha dume, na kila nikipita pale asubuhi naona majike wangu wako tayari, nami nawapita. Nitaanza tena siku nitakayojua nyama itapitia wapi. Kuanzia siku hiyo ni siku 31 za mimba na miezi minne ya kukua. Mkiamua mwezi huu, sungura wetu wa kwanza wenye muhuri watakuwa mezani baada ya miezi mitano, na mwenye bucha wa Kawangware bado anasema watano kwa wiki.

Wenu mwaminifu,

Mfugaji wa sungura na muuza mboga,
Waithaka, Nairobi